Historia Penye Udongo Laini

Kitendawili. Huyu mgeni ana mguu mmoja, haketi hata ukimpa kiti, hali, halali, na kila apitaye humsimulia habari za watu ambao hakuwahi kuwaona. Ukishindwa usinipe mji, maana sina pa kuuweka. Mbele ya nyumba yangu palikuwa pameshajaa wageni wa namna hiyo, wanne, wamejipanga kama watoto wanaosubiri kunyolewa.

Ni vibao. Vibao vya historia, vya chuma, vimepakwa rangi nyeupe na kuandikwa kwa nyeusi. Wakubwa wa mji wetu waliamua visimikwe kando ya barabara ili mpita njia asimame, asome, ajue kwamba na sisi tulikuwa na babu.

Kwa kazi hiyo ikaundwa Kamati ya Kumbukumbu. Mwenyekiti wake ni jirani yangu, mzee mstaafu aliyekuwa akikagua mizani sokoni, ambaye sisi sote tunamwita Bwana Tarehe. Tunamwita hivyo kwa sababu ukimuuliza tu habari za asubuhi, atakwambia asubuhi kama hii, mwezi fulani, mwaka fulani, kulitokea jambo kubwa sana katika mji huu. Ukimuuliza jambo gani, anakuna kichwa. Jambo lenyewe huwa limemtoka. Tarehe ndiyo iliyobaki.

Sasa lazima nikueleze habari za ardhi, maana hapo ndipo kisa kilipo. Barabara yetu ilijengwa kwa kokoto. Waliozibeba kokoto hizo kichwani ni wanawake, na mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Shingo yake haikunyooka tena mpaka anaingia kaburini. Walizimwaga, wakazishindilia, na kando zote mbili za barabara zikawa ngumu kama mkate wa juma lililopita. Palipo laini ni mahali pamoja tu, mbele ya nyumba yangu. Pale mimi nimemwaga maji ya vyombo, majivu, maganda na majani ya chai tangu nilipoletwa hapa nikiwa mwali. Udongo wangu ni mweusi, ukiushika nao unakushika. Mchicha wangu haukuwa na haja ya kubembelezwa.

Mtu aliyepewa kazi ya kusimika vibao ni mchimba mashimo tunayemwita Sururu, kwa sababu ya chombo anachobeba begani, na pia kwa sababu mgongo wake umeshaanza kufanana nacho. Alikuja asubuhi na mkokoteni, vibao vimelala juu yake kama wagonjwa. Akaanzia darajani. Nikamwona kwa mbali anapiga ardhi, sururu inaruka, anapuliza viganja. Akasogea mbele ya shule. Sururu ikatoa cheche. Akaja mdogo mdogo, akipigapiga ardhi kama daktari anayepima kifua cha mgonjwa, mpaka akafika kwangu. Akapiga. Sururu ikazama kama kisu kwenye ndizi mbivu, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hapo kuna mchicha, baba."

"Nitaukwepa."

Akachimba, akasimika kibao cha kwanza, akakishindilia kwa kisigino. Nikavaa miwani yangu, nikasogea, nikasoma: HAPA PALIKUWA NA SOKO LA KWANZA.

"Mwanangu," nikamwambia, "soko la kwanza lilikuwa kule darajani. Mimi mwenyewe nimelikuta."

"Najua, Bibi."

"Sasa limefikaje kwenye mchicha wangu?"

"Kule ni mwamba."

"Kwa hiyo soko limehama."

"Soko halijahama. Shimo ndilo lililohama." Akajifuta jasho kwa mkono wa shati. "Karatasi niliyopewa inasema kando ya barabara. Hapa si kando ya barabara?"

Ni kando ya barabara. Nikampa maji ya kunywa, naye akaendelea. Jua lilipofika utosini nilikuwa na wageni wangu wote wanne. HAPA PALIPIGANWA VITA VYA KISIMA. HAPA LILISIMAMA GARI LA KWANZA. Na cha mwisho: HAPA ALIPUMZIKA MGENI MASHUHURI. Jina la mgeni halikuandikwa, kwa sababu kamati nzima ilikuwa imelisahau, lakini wote walikumbuka kwamba alikuwa amechoka.

Ninakaa na mjukuu wangu wa kike, fundi cherehani. Namwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alimpenda yeye kuliko mimi. Cherehani yake hukaa barazani, penye mwanga, na hapo ndipo anaposhona sare za shule za mtaa mzima. Siku hiyo alitoka na uzi mdomoni, akasoma vibao kimoja baada ya kingine, akautoa uzi.

"Bibi, kumbe tunaishi vitani."

"Tunaishi sokoni," nikamwambia. "Vita viko pale karibu na bamia."

Siku ya uzinduzi Bwana Tarehe alikuja amevaa suti iliyombana kwapani, akifuatwa na karani wa kamati, mama mmoja mnyoofu ambaye hajawahi kuruka mstari, wala wa daftari wala wa foleni. Bwana Tarehe alipoona historia yote imerundikana penye mchicha wangu, macho yakamtoka pima. Mtu mwingine angesema, tumekosea, viondolewe. Lakini watu walishakusanyika, na kipaza sauti kilikuwa kimeshawashwa, kinapiga mluzi. Akakohoa.

"Ndugu zangu," akasema, "uchunguzi wa kina umebaini kwamba mambo yote makubwa ya mji wetu yalitokea mahali pamoja."

Watu wakapiga makofi. Makofi ni kitu cha ajabu. Ukipigiwa ya kutosha, hata wewe uliyesema unaanza kuamini. Nilimwona akinyoosha mabega, na mpaka anamaliza hotuba yake ilikuwa kama vile yeye mwenyewe alivishuhudia hivyo vita, amesimama kwenye bamia zangu.

Kuanzia hapo watu wakawa wanasimama. Magari madogo, baiskeli, mara basi la wanafunzi na mwalimu wao. Wanasoma vibao, wanautazama mchicha, kisha wananitazama mimi.

"Bibi, hivyo vita vyenyewe vilikuwaje?"

Sasa wewe niambie. Mtu ametoka mbali, ameteremka kwenye gari, anauliza kwa adabu. Ningemwambia sijui? Nikamsimulia. Nikasema Vita vya Kisima vilianzia kwenye ndoo. Ndoo ya mke mdogo ilitangulizwa mbele ya ndoo ya mke mkubwa, na hapo pakachimbika. Silaha zilikuwa miiko na kata. Majeruhi wote walikuwa wanaume, kwa sababu walikwenda kuamulia. Nikasema gari la kwanza lilisimama hapa kwa kuwa lilikuwa limekufa, likafungwa kamba na kuvutwa na ng'ombe mpaka mjini, na njia nzima dereva alipiga honi ili aonekane kuwa ndiye anayeliendesha. Na mgeni mashuhuri je? Huyo viatu vilimbana. Alivivua pale, na tangu siku hiyo bamia zangu hazihitaji dawa ya wadudu.

Nilitia chumvi, tena si kidogo. Lakini watu waliondoka wameshika mbavu, na baadhi yao walimwachia mke mwenzangu suruali za kupunguza.

Yeye ndiye aliyenionya. "Bibi, punguza."

"Nipunguze nini? Nasimulia tu."

"Watu wakipapenda mno mahali, wakubwa nao watapapenda."

Nikamwambia ashone suruali za watu. Bado wiki haijakatika, Bwana Tarehe akaingia uani na karani wake nyuma, karatasi mkononi. Hakuketi. Mtu mzima akikataa kiti chako, ujue amekuja kukitafuta.

"Jirani," akasema, "kamati imepitisha kanuni. Karani, soma."

Karani akasoma kwa sauti ya mtu anayehesabu nguo za dobi. "Mahali popote ambapo mtu anaweza kusimama akakisoma kibao, ni eneo la historia. Hapatajengwa, hapatakaliwa, wala hapataanikwa nguo."

Shuka zangu zilikuwa kambani wakati huo. Zilipepea kidogo.

"Mtapewa kiwanja kingine," akasema Bwana Tarehe. "Nyuma ya machinjio. Kule kuna nafasi."

"Na nzi," akasema mke mwenzangu bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Nyumba hii itakuwa jumba la kumbukumbu. Ni heshima, jirani."

"Mzee mwenzangu," nikamwambia, "soko halikuwa hapa. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinunua peremende kule darajani. Nakumbuka siku uliyoidondosha mtoni ukalia mpaka mama yako akakubeba."

Karani akainua macho kwenye karatasi, akamtazama mwenyekiti wake. Bwana Tarehe akarekebisha kola.

"Kibao kimesema hapa."

"Kibao umekisema wewe."

"Kikishasimikwa si changu tena. Ni cha historia."

Nilitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Nyumba hii niliingizwa nikiwa sijui kuwasha jiko lake. Nimezalia humu, na mume wangu ametolewa humu kwenda kuzikwa. Ufa wa ukuta wa chumbani naujua kama mstari wa kiganja changu. Na mke mwenzangu je, nani atabeba kitambaa cha sare mpaka nyuma ya machinjio, mtoto aende darasani ananuka utumbo? Cherehani bila barabara ni chuma tu.

"Basi pimeni," nikasema. "Kanuni inasema mahali kibao kinaposomeka. Someni."

Bwana Tarehe akamwashiria karani. Yule mama akasimama penye kibao cha vita, akakitazama uso kwa uso, kisha akaanza kurudi kinyumenyume huku akisoma kwa sauti. "Hapa palipiganwa Vita vya Kisima." Akarudi nyuma. "Hapa palipiganwa Vita vya Kisima." Akapita chini ya kamba ya nguo, shuka likamfunika kichwa, akasubiri lipeperuke, akasoma tena. Akapanda baraza. Akaigonga cherehani kwa nyonga. "Samahani, fundi. Hapa palipiganwa Vita vya Kisima." Akavuka kizingiti, akaingia ndani.

"Karani, soma," akasema Bwana Tarehe.

"Hapa pali... hapa pana..." Akakunja macho mpaka yakabaki mistari. "Mwenyekiti, hapa sioni."

"Jitahidi."

"Nimejitahidi, Mwenyekiti. Naona weupe wenye uchafu."

Na kwa kuwa ni mnyoofu, aliandika asichokiona kama alivyoandika alichokiona. Hivyo nyumba ikapona kwa upana wa kizingiti. Baraza ndiyo iliyochukuliwa. Cherehani ikaingizwa ndani, gizani, na mke mwenzangu akaanza kujidunga vidole.

Bwana Tarehe hakuondoka mara moja. Alivitazama vibao kwa muda mrefu, kichwa upande, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Herufi ni ndogo," akasema mwishowe. "Haziendani na uzito wa historia."

Kesho yake Sururu akaja, akaving'oa vyote, akavipeleka kwa mchora mabango. Mke mwenzangu, ambaye hununua rangi za chaki jirani na huyo mchoraji, alirudi na habari ameshika kiuno. Vibao vinatengenezwa upya, vipana kama meza, na herufi moja ni kubwa kama sahani.

"Bibi, hizo watazisoma mpaka kitandani kwako."

Niliketi kizingitini nikashika tama. Mbele yangu mchicha ulikuwa na mashimo manne. Nikiwa na wasiwasi huwa najitegea vitendawili mwenyewe, basi nikajitega: soko, vita, gari na mgeni, nani aliwaleta kwangu? Kamati? Kamati haijawahi kushika sururu. Bwana Tarehe? Yeye alishtuka kuvikuta hapa. Nikatazama yale mashimo meusi, yenye unyevu, na jibu likanitazama nalo.

Bwana Tarehe ana mke, mwanamke mkarimu tunayemwita Mama Maua. Jina hilo alipewa kwa matumaini tu, maana maua yalikuwa hayamkubalii. Nje ya geti lake pamekaa kokoto tupu, na kwa miaka mingi amekuwa akiniomba udongo wangu, walau debe, nami namzungusha. Mara mvua imekuwa nyingi, mara imekuwa chache. Siku hiyo nikajifunga kanga vizuri, nikaenda kwake mchana kweupe.

"Mama Maua, ule udongo bado unautaka?"

Akaacha kuchambua mchele. "Shoga, usinitanie. Moyo wangu ni mgonjwa."

"Jenga kingo za matofali hapo nje ya geti, ziwe juu ya goti. Nitaujaza wote."

"Wote?"

"Wote. Mimi nimezeeka, mchicha nitanunua."

Bwana Tarehe alikuwa safarini, kwenye semina ya wenyeviti wenzake, ambako nasikia walifundishwa namna ya kukaa vikao. Kabla ya kuondoka alimwachia karani maagizo: vibao vikishachorwa virudishwe barabarani, na kanuni itekelezwe siku hiyo hiyo, bila kumngoja na bila kumwonea mtu haya. Karani aliyaandika maneno hayo kama yalivyo.

Tukahamisha udongo, beseni kwa beseni, mimi, mke mwenzangu na Mama Maua mwenyewe amekunja mikono ya gauni. Mchicha wangu uliondoka na mizizi yake. Sikulia, lakini wala sikutazama. Pale mbele ya nyumba tulipoacha pengo tulimwaga vifusi vya jiko letu la zamani, matofali yaliyovunjika na kokoto, na mke mwenzangu akavishindilia kwa mchi mpaka majirani wakadhani tuna sherehe. Kwa Mama Maua kukawa na kitanda cha udongo kinachovutia hata mtu kulalia, na maua yake mekundu juu yake yakanyanyua vichwa kama yameitwa majina. Alinishukuru mpaka nikaona aibu. Kidogo.

Sururu akarudi na mkokoteni wake, vibao vipya vimening'inia pande zote. Akaja moja kwa moja kwangu, kwa kujiamini, kama mkwe aliyezoea. Akainua sururu, akaishusha. Cheche. Chombo kikamrudi nusura kimvunje meno.

"Bibi," akasema akipuliza viganja, "umefanya nini hapa?"

"Nimefagia."

"Hapa palikuwa laini."

"Na mimi nilikuwa msichana."

Akanitazama. Akaitazama barabara. Mimi nikatazama kucha zangu. Naomba lieleweke: sikumwonyesha mahali, sikunyoosha hata kidole. Yeye mwenyewe alisukuma mkokoteni wake, akipigapiga ardhi, tu, tu, tu, mpaka akafika kwenye geti la mwenyekiti. Nikasikia sauti ya sururu inazama, na nyuma yake sauti ya mwanamume anayeshusha pumzi.

Mama Maua alitoka mbio akasema maua yake yasiguswe. Sururu akamwambia atayakwepa. Maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia.

Jioni hiyo nikaenda kwake kumpa pole, tukanywa chai sebuleni, dirisha wazi. Hapo ndipo karani alipofika na karatasi yake. Alisimama nje ya geti, akaviona vibao, akaiona nyumba, akakitambua kiti cha mwenyekiti wake pale barazani. Akaisoma kanuni upya kimyakimya. Akaigeuza karatasi aone kama nyuma pameandikwa kitu cha kumwokoa. Hapakuwa na kitu. Akasimama uso kwa uso na kibao, akavuta pumzi, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Hapa palipiganwa Vita vya Kisima." Akapita getini. "Hapa palipiganwa Vita vya Kisima." Akapanda baraza, akaingia sebuleni, akatuamkia kwa kisogo. Akasoma akiwa nyuma ya kochi. Akasoma akiwa penye meza ya chakula. Akasukuma mlango wa chumbani kwa kiwiko, akaomba radhi, akaingia.

Na hapo ndipo Bwana Tarehe aliporejea, begi mkononi, vumbi la safari usoni. Kwa sababu alikuja kwa nyuma, kupitia uchochoro, alikuwa hajaona kitu. Akasimama katikati ya sebule yake.

"Hapa palipiganwa Vita vya Kisima," sauti ikasema chumbani kwake.

Begi likaanguka. "Nani yuko mle?"

"Karani," akasema Mama Maua.

"Anafanya nini chumbani kwangu?"

"Anasoma."

Karani akatoka, kalamu sikioni. "Karibu, Mwenyekiti. Pole na safari. Sebule imo, meza ya chakula imo, chumba kimo mpaka penye mito. Jikoni tu ndiko sijafika, lakini ukisimama penye sinki naamini kinaonekana."

Bwana Tarehe akageukia dirishani. Herufi kubwa kama sahani zikamtazama. Akakaa kwenye kochi, akakuta hata hapo anasoma, akahamia kiti kingine, akasoma tena.

"Vita havikupiganwa hapa," akasema.

"Kibao kimesema hapa," akasema karani.

"Kibao kimekosea."

Karani akatoa kalamu sikioni, akafungua ukurasa mpya. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Ana roho ya rula. "Niandike hivyo, Mwenyekiti? Kwamba kibao kinaweza kukosea?"

Bwana Tarehe akanitazama, nami nikawa nakunywa chai. Angesema kibao kimekosea leo, basi kilikosea na ile siku ya kipaza sauti, mbele ya umati. Angesema kibao hakikosei, afungashe.

"Baba," akasema Mama Maua kwa upole, "huko nyuma ya machinjio, kuna mahali pa maua?"

"Nafasi ipo," nikamjibu kwa niaba ya mumewe. "Na mbolea haitakosekana."

"Jirani," akasema Bwana Tarehe, bila sauti.

"Ni heshima, jirani," nikamwambia.

Alikaa ameinamisha kichwa, pengine kwa sababu huko chini ndiko kulikokuwa hakuna maandishi. Kisha akamwambia karani afunge daftari. Kamati ikaitwa, ikakaa, ikanywa chai yake, na ikatoka na kanuni mpya: eneo la historia ni shimo la kibao, basi, halizidi hapo. Karani aliileta mwenyewe kwangu, akaisoma amesimama kwenye vifusi, na kabla ya kuondoka akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile habari ya peremende ilikuwa kweli. Nikamwambia hiyo sikuitia chumvi.

Cherehani ikarudi barazani siku hiyo hiyo, na shuka zikarudi kambani.

Vibao vyenyewe bado viko kwa Bwana Tarehe. Kuving'oa kunahitaji sababu, na sababu ni ile ile asiyotaka iandikwe. Wageni wanabisha hodi getini kwake. Wanamuuliza vita vilikuwaje. Anawaambia vilianza Jumanne. Wanamuuliza kisha ikawaje. Anawaambia Jumanne asubuhi. Mama Maua anawahurumia, anawaelekeza kwangu, na mimi nawasimulia nikiwa barazani, bila kibao, nikiwa nimeketi kwenye kiti changu. Siku hizi nimeongeza habari za akina mama waliobeba kokoto. Hiyo sijaitia chumvi hata chembe. Kibao chao hakipo, kwa sababu pale walipofanyia kazi sururu haiingii.

Juzi Mama Maua alikuja na mzigo wa kitambaa kichwani, akauweka mbele ya mke mwenzangu.

"Mapazia, mwanangu. Mazito. Weka na bitana."

"Mama, na joto hili?"

"Afadhali joto. Mzee hali vizuri. Akiinua kichwa kwenye sahani, vita. Akigeuka kando, soko. Usiku akizima taa, gari likipita tu na mwanga wake, anasoma kitandani bila kupenda."

Mke mwenzangu akapima kitambaa kwa mikono, akakining'iniza mlangoni, akaniambia nisimame nyuma yake nitazame barabarani. Nikasimama. Sikuona hata jua.

"Hicho kinafaa," nikasema. "Na Mama Maua, nenda na kitendawili kwa mumeo. Aliandika kwa herufi kubwa ili jirani asome, sasa anashonesha mapazia ili asisome yeye."

"Hicho sitampelekea, shoga. Nalala naye nyumba moja."

"Mpelekee pamoja na mapazia. Na mwambie akishindwa asinipe mji. Anirudishie udongo wangu, debe moja tu, nipande mchicha."